Sahani ya Maharage Haipigiwi Makofi

Kwetu nyama ni heshima. Mgeni wa maana huchinjiwa, mshahara ukitoka watu wanatafutana kwenye nyama choma, na ukionekana unakula wali maharage siku tatu mfululizo lazima mtu akuvute pembeni akuulize kama mambo yako yako sawa. Waliosoma bweni ndio kabisa, wakiyaona maharage wanakumbuka foleni na wadudu. Basi kijana wa Mwananyamala au Kisauni anayeacha nyama, maziwa na mayai, na bado anapiga tizi, asitegemee sifa. Ataambiwa anakula majani kama mbuzi, na hicho kifua kitamwishia kabla ya Idi.

Naishi hivyo kwa miaka kadhaa sasa, na nimewaona wengi wakianza kwa kishindo kisha wakipotea. Kwa maoni yangu, chakula ndicho kinachosingiziwa tu. Walianza kwa ajili ya macho ya watu, na macho ya watu hapa kwetu hayako upande wa maharage.

Mwaka 1971 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Deci, aliwapa wanafunzi wa chuo kikuu mafumbo ya kupanga vipande vya mchemraba. Kuna waliolipwa dola moja kwa kila fumbo walilofumbua, na kuna waliocheza bure. Malipo yalipokatwa, wale waliowahi kulipwa wakapunguza kuyagusa mafumbo wakiwa mapumzikoni. Baadaye yeye na mwenzake Richard Ryan wakaeleza kwamba mtu hudumu na jambo akijiona ameliamua mwenyewe, akiona anazidi kulimudu, na akiwa na watu wa kuwa nao. Sasa weka hapo yale mashindano ya mtandaoni ya siku 30, na picha za kabla na baada. Malipo ni pongezi. Siku ya 31 hakuna anayepongeza, na harufu ya mishikaki iko pale pale kona ya mtaa.

Linganisha na Ethiopia. Waumini wa Kanisa la Orthodox la Tewahedo hawagusi nyama, maziwa wala mayai Jumatano na Ijumaa, na Kwaresima yao ni siku 55. Wanakula injera, ile chapati yao chachu, na shiro, mchuzi mzito wa unga wa dengu, na mkulima anaendelea kulima. Najua, ile ni imani, si raha ya mazoezi. Lakini sababu ni yao wenyewe, na jirani naye amefunga, kwa hiyo hakuna wa kumcheka mwenzake. Kendrick Farris, mwanamume pekee aliyeiwakilisha Marekani kwenye kunyanyua vyuma Olimpiki ya Rio 2016, aliacha nyama mwaka 2014 baada ya kuzaliwa mwanawe wa pili. Sababu ya nyumbani kabisa, na mtu wa nje hana pa kuipinga.

Haya, protini, maana najua ndiyo mnayoisubiri. Mwaka 2021 watafiti wa Brazil walichapisha matokeo ya vijana 38, nusu wakila mimea tu na nusu wakila kila kitu. Wote walipata gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, wa mimea wakiongezewa ya soya na wenzao ya maziwa, na wakafanya mazoezi ya miguu kwa wiki 12. Misuli na nguvu ziliongezeka bila tofauti ya maana.

Mtu wa kilo 70 basi anahitaji kama gramu 112. Gramu 200 za maharage makavu zina takriban 44, gramu 100 za karanga zina 25, gramu 300 za unga wa dona zina kama 24, na gramu 50 za unga wa soya kwenye uji zinaleta 18. Tumefika, na hatujaingia duka lolote linalouza maziwa ya lozi kwa bei ya kiroba cha mchele. Mahindi yana upungufu wa laisini, kimojawapo cha vijenzi vya protini, maharage yanayo tele, ndiyo maana makande ni chakula cha akili kuliko tunavyoyapa heshima. Loweka usiku, mwaga yale maji, chemsha mpaka mahindi yapasuke, kaanga kitunguu na hoho, kisha tui zito liingie mwishoni kabisa, moto ukiwa mdogo, lisije likakatika. Mboga ya pembeni iwe mchicha au kisamvu, na ukamulie limao ili mwili uyavute yale madini ya chuma. Chai ya rangi isubiri kidogo, inayazuia.

Kwenye vitamini B12 sina mzaha. Haimo kwenye mchicha wala nazi, na upungufu wake unaweza kuchukua miaka kujitokeza, kwa ganzi ya vidole na damu kupungua. Nunua vidonge. Anayekwambia vitu vya asili vinatosha usimsikilize, hata kama ana kifua kipana.

Mazoezi nayo yana ugonjwa ule ule wa kufanyia macho ya watu. Pale ninapofanyia ni bomba la chuma lenye makopo ya rangi yaliyojazwa zege huku na huku, na upande mmoja ni mzito kuliko mwingine, kwa hiyo tunageuza kila raundi. Wanaodumu pale wana daftari. Wiki iliyopita aliinua mara sita, leo anaitaka ya saba, na hilo linamtosha. Mmoja wao ni fundi wa magari ambaye sijawahi kumwona akijipiga picha. Wa kujipiga picha wanakuja Januari.

Ndiyo maana huwa nashangaa walimu wa mazoezi wanaoanza na swali la kilo ngapi unataka kupunguza. Muulize dada aliyekuja kwako alipokuwa mtoto alipenda mchezo gani. Akisema kuruka kamba, mpe kamba, mizani itafutwe baadaye. Na akikwambia amechoka kula kuku wa kuchemsha bila chumvi, mwelekeze kwa mama ntilie anayejua kuunga kunde.