Kidonge cha mafua hakiishii kwenye mafua

Wiki hii, kwenye kundi letu la familia, mtu kaandika kwamba ana mafua na kikohozi na makohozi yamegeuka rangi. Hata hajamaliza kueleza, majibu yakamiminika: meza azithromaisini (antibiotiki, yaani dawa ya kuua bakteria), siku 3 tu, utapona. Mwingine akasema anavyo vidonge vilivyobaki, atamletea. Nilishindwa kunyamaza kule, na hapa sinyamazi.

Mafua huletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi. Wengi wanalijua hilo na bado wanameza, kwa imani kwamba dawa isiposaidia haitadhuru. Makohozi ya kijani si ushahidi wa bakteria. Rangi ile hutokana na chembe nyeupe za damu zilizo vitani. Na kikohozi cha kawaida kinaweza kuchukua hata wiki 3 kuisha. Anayepata nafuu mapema anakisifu kidonge kwa kazi iliyofanywa na mwili wake.

Sasa fuateni kidonge kile kinakokwenda. Puani na kooni tunaishi na bakteria wa kila aina. Mmoja wao, nimokokasi, anaweza kukaa puani mwa mtoto bila kumuuguza, kisha siku moja akashuka mapafuni na kuleta nimonia. Dawa inapopita, walio dhaifu wanafyekwa na sugu, wale ambao dawa haiwaui, wanaachiwa uwanja. Azithromaisini inatia hofu zaidi kwa sababu unaimeza kwa siku chache lakini inabaki mwilini muda mrefu, ikipungua polepole. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, watu wenye afya njema walipewa azithromaisini, au klarithromaisini ambayo ni dawa ya jamii ileile, au vidonge visivyo na dawa. Waliopewa dawa halisi waliongezeka bakteria sugu kooni, na miezi 6 baadaye tofauti hiyo ilikuwa bado ipo. Miezi 6, kwa watu ambao hawakuwa wagonjwa!

Na usugu huo haukai ulipozaliwa. Mwaka 1928, mwaka uleule Alexander Fleming alipoona ukungu ukiua bakteria London, Frederick Griffith alionyesha kwa kutumia panya kwamba nimokokasi mpole, akichanganywa na mabaki ya nimokokasi hatari aliyekwisha kufa, anageuka kuwa muuaji. Leo tunajua sababu: bakteria huyu huokota vipande vya DNA, yaani maandishi ya urithi, vya jirani zake na kuvifanya vyake. Ndivyo alivyojipatia usugu dhidi ya penisilini, antibiotiki iliyotokana na ukungu ule wa Fleming, kwa jeni (vipande hivyo vya urithi) za streptokokasi wengine, bakteria ndugu zake wa kinywani. Kwa hiyo ukiwalea sugu wapole kooni mwako kwa kidonge kisichohitajika, unamwekea akiba yule wa nimonia, naye husafiri kwa kikohozi hadi kwa mtoto au bibi. Mwaka 1977 Afrika Kusini ilikuwa imeshakutana na nimokokasi sugu kwa dawa kadhaa kwa pamoja.

Wengine hukimbilia dawa iliyochanganywa na klavulaneti wakidhani ina nguvu zaidi. Klavulaneti huzuia kimeng'enya ambacho baadhi ya bakteria hukitumia kuvunja dawa, lakini nimokokasi hata hakitengenezi.

Makadirio ya mwaka 2019 yalihusisha vifo milioni 1.27 moja kwa moja na usugu wa bakteria, na maambukizi ya mapafu yaliongoza. Chanjo ya nimokokasi inapunguza pia wanaombeba puani. Ningependa tuishabikie kama tunavyoshabikia vidonge.

Nakubali, shingo upande, kwamba mzazi aliyekesha akisikiliza mwanawe anavyohema hana subira ya kusikia habari za jeni. Wala simwambii asubiri. Mtoto wa mwaka 1 hadi 5 mwenye kikohozi, anayepumua mara 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au ambaye kifua kinabonyea anapovuta pumzi, apelekwe kwa tabibu sasa hivi, na akiandikiwa antibiotiki ya amoksilini apewe kama ilivyoandikwa. Huyo ndiye ninayemgombea. Nataka siku hiyo dawa ya kawaida, ile ya kwanza kabisa kuandikwa, imkute bakteria ambaye bado anaiogopa.