Trump hajakosea kote

Mwandishi wa makala moja anamcheka Rais Trump wa Marekani kwamba Agosti 2025 alikutana na Putin kule Alaska huku akimwaga askari wa Walinzi wa Taifa mitaani Washington, eti hayo mawili hayaendani, na uhalifu kule ulishashuka. Yanaendana sana, ndugu mwandishi! Sisi wa Mwanjelwa, Mbeya, tunaelewa: mama ntilie anayefunga saa mbili usiku na kurudi nyumbani kwa woga, umwambie takwimu za uhalifu zimeshuka? Kazi ya kwanza ya dola ni ulinzi. Ila kwenye diplomasia nina shaka. Juni 27 mwaka huohuo Kongo na Rwanda zilisaini mkataba wa amani hukohuko Washington, waasi wa M23 hawakuwemo, mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ukabaki mikononi mwao. Na lile zulia jekundu la Putin lilinikera, angesimamisha vita vya Ukraine kwanza ndipo atandikiwe.