Ule si mnyoo, mama

Jumapili saa nne asubuhi, kilo mbili za kamba wa baharini zilitupwa kwenye pipa la taka la ploti yetu hapa South B, na aliyezitupa ni mtu ambaye siwezi kumuuliza kwa nini. Mama mkwe. Nyinyi mliooa mnanielewa. Wengine subirini zamu yenu.

Kamba wenyewe walikuwa wametoka Kilifi na basi la usiku, wamelala kwenye ndoo ya barafu, kifuniko kimezungushiwa seloteipu kama maiti ya Misri. Alinitumia mjomba wangu anayenenepesha kaa kule Mida. Niliamka saa kumi na moja kuwafuata stendi, kabla matatu hazijaanza kugombania abiria. Nikawamenya kama nusu kilo, ile kazi ya polepole: unavua kichwa, unavua ganda, unapitisha kijiti cha meno mgongoni na kuuvuta ule uzi mweusi. Nikakuta nyumbani hakuna nazi. Nikatoka dakika kumi na tano tu.

Niliporudi, nazi mkononi, sinki lilikuwa linang'aa na nyumba nzima inanuka dawa ya kuua vijidudu. Mama amesimama mlangoni mwa jikoni, ameshika kijiti cha meno juu juu kama shahidi mahakamani.

"Baba Kadzo, njoo uone. Minyoo."

Nikaangalia ule uzi mweusi. Nikasema, "Sawa, mama."

Hiyo "sawa, mama" ndiyo imenikaa kooni tangu Jumapili, na ndiyo maana leo mnasoma makala haya. Ule ni utumbo. Ni chakula cha jana cha kamba kinachongoja kutoka. Hata wewe unao, tena mrefu zaidi.

Sasa mjue chanzo. Ijumaa ile fowadi ilikuwa imeingia kwenye kundi la WhatsApp la ploti. Najua mmeiona. Picha ya kamba mwenye madoa meupe kichwani, mshale mwekundu, herufi kubwa: HATARI!!! KIRUSI KIPYA CHA KAMBA, USILE, TUMA KWA WATU KUMI UNAOWAPENDA. Mama ananipenda, kwa hiyo mimi nilikuwa mmoja wa wale kumi. Kisheria nilikuwa nimeonywa.

Kinachouma ni kwamba fowadi hiyo haikuwa uongo mtupu. Ingekuwa uongo mtupu ningecheka nikanunua wengine. Ugonjwa wa madoa meupe upo, tena ni mbaya kuliko fowadi inavyodai, ila mbaya kwa kamba. Si kipya vilevile. Umekuwa ukitembea tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, ulipozuka kwenye mabwawa ya Asia Mashariki. Kirusi kikishaingia bwawani, kamba wanaacha kula, wanapanda juu juu na kujikusanya kando, wamelegea. Siku tatu hadi kumi, mkulima anaweza kuamka akakuta bwawa zima limekufa. Hakuna dawa. Chanjo ya kuchoma kama ya ng'ombe hakuna, maana kamba hatengenezi kingamwili kama sisi.

Na binadamu je? Hakuna kitu. Kirusi hicho ni cha kamba, kaa, kambakoche na jamaa zao wenye magamba. Kwako hakina mlango wa kuingilia, na hata kwa kamba mwenyewe kinakufa sufuriani. Ukimla kamba aliyeugua madoa meupe, akaiva vizuri, umekula kamba. Basi. Tena wale wa friza waliokaa sana nao hutoka mabaka meupe ya barafu. Sitashangaa kama huyo wa kwenye picha hakuwa mgonjwa kabisa.

Wale wa pipani, kwa taarifa yenu, waliliwa na paka wa ploti kabla ya saa sita. Paka watano, pamoja na yule mwenye jicho moja. Leo ni Alhamisi na wote wako juu ya mabati wanagombana kama kawaida. Najua paka si maabara. Nawaambia tu.

Haya, nimpe mama haki yake, ingawa roho haitaki. Anayekula vitu vya baharini vibichi ana kila sababu ya kuogopa. Kuna bakteria za maji ya bahari yenye joto zinazokaa ndani ya chaza, na mtu mwenye ini bovu akizimeza na chaza mbichi anaweza kufa kweli. Na mwaka 1988 kule Shanghai, watu karibu 300,000 waliugua homa ya ini aina ya A kwa kula kome wasioiva. Laki tatu! Lakini hebu tuulizane wale kome walikitoa wapi kirusi hicho. Si chao. Ni cha watu. Watu walimwaga kinyesi chao majini, kome wakachuja maji kama Mungu alivyowaumba, kisha watu wakaja wakajilia kinyesi chao wenyewe kwa vijiti.

Sisi wa Nairobi tusijifanye hatuhusiki ati kwa kuwa bahari iko mbali. Mto Nairobi, ule ambao ukipita Gikomba unafunga dirisha, unaingia Athi, Athi inakuwa Galana, Galana inakuwa Sabaki, na Sabaki inamwaga baharini kaskazini kidogo tu ya Malindi. Jirani ya hapo ndipo Ghuba ya Ungwana, kwenye kamba. Kwa hiyo kama kuna mtu wa kutuma fowadi za tahadhari, ni kamba.

Wala sisemi wanyama hawa hawana wadudu ndani yao. Wanao, tena wa kutisha. Kuna mmoja wa kaa, kule Ulaya ndiko wamemchunguza sana, ni ndugu wa vile vikombe vigumu vinavyogandia chini ya mitumbwi. Anaingia kwa kaa akiwa mdogo wa kutoonekana, anatandaza mizizi mwili mzima, halafu anatokeza kifuko pale chini ya tumbo kaa jike anapobebea mayai. Kaa anaacha kuzaa. Anakitunza kile kifuko, anakisafisha, anakipepea maji akidhani ni wanawe. Akiwa dume, tumbo linapanuka kama la jike na yeye pia analea. Anamlisha mgeni maisha yake yote. Nisiendelee, maana mgeni wangu yuko chumba cha pili na kuta za ploti hizi mnazijua.

Nirudi kwenye hasira yangu. Tunaogopa ugonjwa usiotudhuru, na ile sehemu ambayo sisi ndio wenye mkono ndani yake, yaani kuusambaza, tunailalia usingizi. Magonjwa haya hayana miguu. Yanasafirishwa. Nikisoma historia yake nakutana na mtu kila mahali: mtu aliyehamisha vifaranga vya kamba, mtu aliyeleta mbegu ya chaza kutoka nchi nyingine, mtu aliyefungua boksi la barafu. Chaza wa mashariki mwa Marekani walianza kufa mwaka 1957 kwenye Ghuba ya Delaware kwa kimelea ambacho baadaye vinasaba vilionyesha kimetoka kwa chaza wa Pasifiki. Hakikuogelea kutoka Japani. Madoa meupe yalifika Ekuado mwaka 1999 yakavunja biashara ya nchi nzima. Msumbiji yaliingia mwaka 2011. Madagaska mwaka 2012. Angalia ramani: bahari ni hii hii yetu.

Kisa cha Australia ndicho kinachoninyima usingizi. Kwa miaka yote ile wao walikuwa wamesalimika. Mashamba yao ya kamba hayakuwa yameguswa, na walikuwa na sheria kali za mpakani, mbwa wa kunusa, karatasi kila mahali. Mwishoni mwa mwaka 2016, Krismasi iko mlangoni, na huko Krismasi bila kamba si Krismasi, shamba moja kwenye Mto Logan, kusini mwa Brisbane, likaanza kutoa kamba wafu. Kufikia Februari mashamba yote ya mto ule yalikuwa yameambukizwa. Ikabidi wamwage klorini mabwawani na kuua kila kilichobaki hai. Hebu fikiri wewe ndiye mkulima, umesimama ukingoni unamwagia dawa mali yako uliyoilea kwa mkono wako.

Kirusi kilipitia wapi? Njia moja haikuthibitishwa. Lakini kamba wabichi wa kugandishwa kutoka nchi za nje, waliokuwa wakiuzwa madukani kwa chakula cha watu, walipopimwa, wengi walikutwa nacho. Kuganda hakukiui. Na wavuvi wa kujifurahisha kule walikuwa na kawaida ya kununua kamba hao wa bei nafuu na kuwatundika kwenye ndoano kama chambo. Yaani mtu ananunua chakula cha jioni, kinabaki, anakitupa mtoni kwa nia njema kabisa ya kupata samaki. Januari 2017 serikali ikasimamisha uagizaji wa kamba wabichi kwa miezi kadhaa. Mabwawa yalikuwa yameshanuka.

Nikisikia hotuba za uchumi wa buluu huwa natega sikio. Mabwawa yatachimbwa, vijana watapata ajira, wawekezaji wako njiani, utepe unakatwa, kofia zinagawiwa. Sipingi. Ngomeni ilishawahi kuwa na mabwawa ya kamba kabla baadhi yenu hamjazaliwa, na bado natamani kuona pwani yetu ikifuga. Ila neno karantini silisikii kwenye hotuba hizo. Swali langu ni moja: vifaranga vikija, nani atavipima kabla havijaguswa na maji yetu? Siulizi baada. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lina orodha ya magonjwa haya ambayo nchi hutakiwa kuyatangaza, na kuyatangaza kunaanza na kuyatafuta. Kambakoche wa Karibea wametupita hapa. Akiwepo kijana wao mwenye kirusi cha kwao, wenzake wazima wanahama shimo kabla hajaanza kuambukiza. Hawana wizara.

Nilitaka kuishia hapo nikiwa nimewasema wakubwa nikajisikia vizuri. Bahati mbaya kuna boksi.

Mwaka juzi mjomba alinipigia. Kaa wake wa Mida wanakaa kwenye vizimba katikati ya mikoko, anawakamata wadogo na kuwanenepesha, na kaa wanakula kweli kweli: utumbo wa samaki, konokono, chochote chenye nyama. Akaniambia, "Mjomba, huko Nairobi si mahoteli yanatupa vichwa vya kamba? Nikusanyie, kaa wanavipenda." Nikaona ni wazo la akili. Rafiki yangu mpishi akaniwekea vichwa vibichi vya wiki nzima kwenye friza, vikiwa ndani ya boksi lile lile walilokuja nalo. Lilikuwa na picha ya bahari isiyo yetu na maandishi ya nchi moja ya Asia. Nikalipakia kwenye basi mimi mwenyewe, nikamsisitizia kondakta lisikae juani. Mjomba akamwaga vyote kizimbani, maji yakapwa na kujaa kama kawaida yake, mikoko yote ikapata.

Kaa hawakufa. Lakini kaa wa mikokoni anaweza kukibeba kile kirusi bila doa hata moja, akaonekana mzima, mkali, anakuuma kidole. Kwa hiyo kusema hawakufa hakunisaidii kitu.

Usiku wa Jumapili nikampigia. Kwanza nikamshukuru kwa kamba, nikamwambia walikuwa watamu sana, Mungu anisamehe. Kisha nikamweleza habari ya vichwa: asiombe tena kwa mtu yeyote, na akiletewa vichwa vibichi vya kamba wa nje avizike, asivimwage majini. Nikamwambia habari ya Australia na klorini. Alinyamaza muda mrefu, nikidhani ameniheshimu.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, mjomba."

"Yule mwenzangu wa kizimba cha pili naye ana mpwa Nairobi. Anamletea kila mwezi."

Nikamuuliza kama anaweza kuongea naye. Akasema ataongea naye, ila nimpe jibu la kumpelekea, maana atamuuliza kaa wake wale nini, chapati? Nimeanza kuuliza bei ya utumbo wa samaki pale Kilifi. Mwenye namba ya mtu anayeuza kwa ndoo anitumie, si kwenye kundi la ploti tafadhali.