Majeruhi ametulia, damu ya kupima tena ni ya nini?

Kijana kaanguka na boda boda usiku, Kampala. Asubuhi presha ni nzuri, mapigo hayaendi mbio, tumbo laini. Bado kila baada ya saa sita anatolewa damu ya kupima himoglobini (kile chekundu cha damu kinachobeba hewa) ili kuona kama anavuja ndani, na ndugu yake anatumwa na kichupa mkononi hadi maabara ya kulipia ng'ambo ya barabara. Daktari anayehoji mtindo huu huonekana anabania maisha ya watu. Sidhani anatendewa haki.

Himoglobini huonyesha damu imekolea kiasi gani, si imebaki kiasi gani. Anayevuja hupoteza chembe na maji kwa pamoja, hivyo mwanzoni namba haishuki. Hushuka baadaye, maji ya mwilini yanapoingia mishipani kuziba pengo, au dripu inapoziba. Mtego uko hapo. Aliyetundikiwa lita mbili akatoka gramu 12 hadi 10.5 kwa desilita ya damu huenda hajapoteza hata tone jipya. Mchuzi umeongezwa maji tu. Lakini namba ikishaingia kwenye faili, nani atathubutu kuipuuza? Kipimo kinarudiwa, tumbo linapigwa picha tena, damu ya akiba isiyotosha inaombwa, kuruhusiwa kunaahirishwa. Na mashine ndogo ya kidole, tone na tone, inaweza kupishana karibu gramu nzima.

Alama za kupima uzito wa majeraha zilizobuniwa hapohapo Kampala miaka ya 1990 hutazama umri, presha, upumuaji, fahamu na idadi ya majeraha makubwa. Himoglobini haimo.

Kipimo cha kwanza sikigusi: wengi hufika tayari wamepungukiwa damu kwa malaria au minyoo, na bila namba ya mwanzo, gramu 9 za jioni hazisemi kitu. Mwenye jeraha la ini au bandama ambaye hakupasuliwa naye apimwe tena, hasa huku ambako malaria huvimbisha bandama. Ni kweli pia presha ya kijana inaweza kushikilia hadi karibu theluthi ya damu imepotea.

Hoja nzito ya upande wa pili ni ya usiku: nesi mmoja, wodi imefurika, kwa hiyo namba inashika nafasi ya macho. Lakini kati ya kichupa na kichupa zimo saa sita zilezile zisizo na macho, na kwa kawaida mapigo hutangulia kupanda kabla himoglobini haijashuka. Ndugu anayekimbizwa maabara angeweza kubaki kando ya kitanda, akaelezwa amwite nesi akiona jasho baridi, kiu isiyokatika, au mgonjwa ameanza kuhangaika.