Gavana aliyekataliwa na baba yake

Benjamin Franklin, mwanasayansi na mmoja wa waasisi wa Marekani, akitajwa, haikosi kutajwa ile tiara aliyoirusha kwenye mawingu ya radi mwaka 1752. Aliyemsaidia kuirusha ni mwanawe, William. Huyo historia ya Marekani ilishamtia kapu la wasaliti, nami naona ameonewa.

Mwaka 1762 Mfalme George wa Tatu alimteua William gavana wa New Jersey, koloni la Uingereza huko Marekani. Ugavana ule ulikuwa mtego: amri zinatoka London, mshahara unaidhinishwa na baraza la walowezi. Wenzake wengi waligombana na mabaraza yao. Yeye alisikilizana na lake kwa miaka mingi.

Vuguvugu la makoloni kutaka uhuru kutoka Uingereza lilipopamba moto, baba akahamia huko, mwana akabaki na kiapo chake kwa mfalme. Lakini Benjamin naye alikuwa mtumishi wa mfalme kwenye posta mpaka alipofukuzwa mwaka 1774. Utii alioulaani kwa mwanawe ni ule ule aliomlelea.

Juni 1776 William alikamatwa na wapigania uhuru, akapelekwa Connecticut. Alipobainika kugawa hati za msamaha wa mfalme akiwa kifungoni, walimfungia peke yake katika jela ya Litchfield kwa miezi kama minane. Mkewe Elizabeth alikuwa mahututi New York. William aliomba ruhusa ya kwenda kumwona. George Washington, jemadari wa jeshi la wapigania uhuru, alimhurumia, akalifikisha ombi kwa Bunge la makoloni, Bunge likakataa. Elizabeth akafariki Julai 1777, mumewe yuko ndani. Hapo hunipata uchungu kila ninaposoma.

Simtakasi. Alipobadilishwa na mfungwa mwingine mwaka 1778, aliongoza bodi ya watiifu wa mfalme, na mwaka 1782 watu wa bodi hiyo walimnyonga Kapteni Joshua Huddy wa upande wa wapigania uhuru, mateka asiye na silaha. Damu ile inamhusu.

Ila vita vilipokwisha, ni William aliyeandika kwanza, mwaka 1784, akiomba wapatane. Baba alijibu kwamba hakuna kilichowahi kumuumiza kiasi hicho. Mtu aliyeketi meza moja na Waingereza kutia sahihi mkataba wa amani, amani na mwanawe ikamshinda!

Walikutana Southampton mwaka 1785. Benjamin alimtaka amuuzie Temple, mtoto wa William mwenyewe, mashamba yake ya New Jersey. Sahihi zikatiwa, mzee akapanda meli. Hawakuonana tena.