Mpira wa kichwani hupitia kifuani, mama aambiwe

Mzazi aliyevuka ziwa kutoka Nansio, Ukerewe, kuja hospitali ya Bugando, Mwanza, na mtoto mwenye kichwa kikubwa kilichojaa maji ana mengi ya kuelezwa kabla hajatia saini mtoto apasuliwe na kuwekewa mpira wa kuyatoa maji hayo. Kuna swali dogo ambalo wahudumu hawakubaliani: je, atajiwe pia kwamba pafu la mtoto linaweza kusinyaa?

Wasiotaka litajwe wana hoja. Pafu kusinyaa baada ya upasuaji huu ni jambo adimu sana. Kwenye majarida ya udaktari huandikwa kisa kimoja kimoja. Yanayowarudisha watoto wodini ni mpira kuziba na maambukizi. Mama akiogopa akaondoka, maji yanaendelea kuusonga ubongo, macho yanaanza kuelemea chini, na mwisho wake ni upofu au kifo. Hoja hiyo ina uzito.

Lakini mpira hauishii kichwani. Maji ya ubongo hupelekwa tumboni yakanyonywe huko, hivyo daktari hupitisha chuma kirefu chini ya ngozi: nyuma ya sikio, shingoni, juu ya mtulinga, kifuani, mpaka tumboni. Kwa kichanga, kati ya ngozi na mbavu ni padogo mno, na kilele cha pafu kinapanda hadi shingoni, juu ya mtulinga. Ncha ya chuma ikizama kidogo tu, inatoboa utando unaozunguka pafu, hewa inaingia kifuani, pafu linasinyaa.

Sasa mfikirie mama huyo usiku wa baada ya upasuaji. Yeye anajua mwanawe amepasuliwa kichwa. Akimwona anahema harakaharaka, pua zinatanuka, mbavu zinabonyea, atadhani ni kidonda kinauma au dawa ya usingizi haijaisha. Atambembeleza. Hatamwita mtu. Muuguzi wa zamu ana vitanda vingi. Mama ana kimoja, na hakitoki machoni pake hata dakika. Macho hayo tunayanyima kazi kwa kuogopa kumtisha. Na tiba ipo: picha ya eksirei, oksijeni na uangalizi hewa ikiwa kidogo, ikizidi mpira wa kifuani wa kuitoa. Ikichelewa, hewa inaweza kuusukuma hata moyo.

Jirani zetu wa Uganda, katika hospitali ya CURE pale Mbale, walikuza upasuaji usioacha mpira mwilini, chini ya Benjamin Warf. Utafiti wao wa watoto 100, uliotoka 2017, haukuona tofauti kubwa ya ukuaji wa akili baada ya miezi 12 kati ya njia hiyo na ile ya mpira. Kwa njia hiyo hakuna chuma kinachopita kifuani. Ila haimfai kila mtoto, kwa hiyo mpira bado tunao.

Kuhusu hofu, aliyekaa melini kwa muda wa saa tatu na mtoto mgonjwa mapajani hakuja kutafuta sababu ya kukimbia. Maneno yenyewe hayazidi dakika moja: "Mama, mpira huu unapita kifuani. Ni mara chache, lakini ukiona anahema haraka au midomo inageuka rangi, niite, hata iwe saa nane usiku."