Ombi Lisilomo Kwenye Orodha

Katika vikundi vya maombi nilivyokaa, orodha ya mahitaji ya wamisionari huja karibu ileile kila mara. Milango ifunguke. Vibali vipatikane. Fedha zitoshe, watoto wao wawe na afya, na mioyo ya watu wa kule ilainike. Yote hayo nayaombea, na nitaendelea kuyaombea. Lakini kuna ombi moja ambalo karibu silisikii kabisa: kwamba aliyetumwa abadilike yeye kwanza, na sisi tuliomtuma tubadilike pamoja naye.

Nimeisoma kwa muda mrefu historia ya umisheni wa Wamennonite, Wakristo wa Kiprotestanti wanaoitwa kwa jina la Menno Simons, na kila ninapofika mahali ambapo kazi ilishika mizizi, nakuta sala ilimpiga mhubiri kabla ya kumgusa msikilizaji.

Mahali ninaporudi mara nyingi ni Shirati. Mwaka 1934 wamisionari kutoka Pennsylvania, Marekani, Elam na Elizabeth Stauffer pamoja na John na Ruth Mosemann, walianza kazi hapo, mashariki mwa Ziwa Victoria, katika Tanganyika ya wakati ule. Walikuwa watu wa sala. Hilo hakuna wa kuwanyima. Walikuja pia na desturi za kwao, mavazi ya kiasi, vitambaa vya kichwani kwa wanawake, na utaratibu mkali kuhusu mwenendo wa mshirika. Vituo vikaongezeka, watu wakabatizwa. Hata hivyo kati ya mgeni na mwenyeji palikuwa na ukuta. Mgeni ndiye aliyefundisha na ndiye aliyeamua. Mwenyeji alisikiliza, akaitikia, akarudi kwake na maswali yake yakiwa hayajaulizwa.

Kisha mwaka 1942 Uamsho, wimbi la toba na imani mpya lililokuwa limeanzia Gahini nchini Rwanda na kuenea Uganda na kwingineko, likafika Shirati. Watu wakatubu hadharani, wakataja chuki, unafiki na ukabila. Na wamisionari nao wakatubu, mbele ya waumini walewale waliokuwa wakiwafundisha, kwamba walikuwa wamejiona bora kuliko wenzao. Tukumbuke hiyo ilikuwa enzi ya ukoloni. Mzungu kukiri dhambi yake mbele ya Mwafrika, akimwomba msamaha, halikuwa jambo dogo, na sidhani kama kuna mafunzo yoyote ya chuoni ambayo yangelizaa. Lilizaliwa kwenye magoti.

Kuanzia hapo waliitana ndugu na dada kwa maana yake hasa. Haikuwa njia nyoofu, na mamlaka ya kanisa yalichukua miaka mingi kuhama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Zedekea Kisare aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Wamennonite wa Tanzania mwaka 1967. Lakini naamini mbegu ya uaskofu ule ilipandwa siku ile ya toba, miaka 25 kabla.

Biblia ilikwisha kutuonyesha jambo hili. Katika Matendo 10 Petro anapanda darini kuomba, yapata saa sita ya mchana. Kornelio, akida wa Kirumi asiye Myahudi, anamngoja Kaisaria, tayari amekwisha kufunga, kuomba na kutoa sadaka. Ni nani hapo aliyehitaji kugeuzwa moyo kwanza? Ni mtume. Shuka yenye wanyama aliyoiona katika maono, ili ajifunze asimwite mtu yeyote najisi, ilishushwa mara tatu kwa ajili ya mhubiri. Kama Petro angeombewa na kikundi chetu, tungemwombea safari njema.

Ethiopia inanifundisha upande mwingine wa jambo hilohilo. Wamennonite walikuja huko katika miaka ya 1940 kwa kazi ya misaada baada ya vita, wakafungua hospitali na shule. Kanisa lililozaliwa likajiita Meserete Kristos, yaani Kristo ndiye msingi, kutoka 1 Wakorintho 3:11, mstari uleule ambao Menno Simons aliuweka mwanzoni mwa maandiko yake karne ya 16. Katika miaka ya 1960 vijana wa mji wa Nazareth wa huko Ethiopia walianza kukutana kwa maombi, wakajulikana kwa jina la Mwanga wa Mbinguni. Waliomba kwa sauti, kwa machozi, kwa kusubiri Roho Mtakatifu. Wamisionari wao walizoea sala ya utulivu, yenye maneno yaliyopimwa. Sala hii haikuwa ya kwao. Ilibidi waliofundisha wakae upande wa wanaojifunza, na kwangu hiyo ni neema kubwa kuliko shule zote walizojenga.

Mwaka 1982 Derg, serikali ya kijeshi ya Ethiopia, ikalifunga kanisa hilo. Majengo yakachukuliwa, akiba ikachukuliwa, viongozi kadhaa wakatiwa gerezani kwa miaka. Washirika wakati huo walikuwa kama 5,000. Hawakuwa na mimbari tena, wala mmisionari wa kuwaongoza. Walikutana majumbani, wachache wachache, wakisali kwa sauti ya chini ili jirani asisikie, na wanawake wakabeba sehemu kubwa ya kazi ya kufundisha na kuwatembelea waumini. Utawala ule ulipoanguka mwaka 1991, kanisa lilitoka mafichoni likiwa na zaidi ya washirika 34,000. Leo ndilo kanisa kubwa kuliko yote ya kitaifa katika familia ya Wamennonite duniani.

Sipendi mtu anapozitumia takwimu hizo kana kwamba mateso ni mbinu ya kukuza kanisa. Watu waliumia. Wapo waliopoteza miaka ambayo haitarudi. Ninachokiona mimi ni hiki: kila mlango ambao orodha zetu zingeuombea ubaki wazi ulifungwa, na sala haikukoma. Nao waliokuwa wakiitwa matunda ya umisheni ndio wakawa wamisionari.

Jambo hili linagusa ushirika mzima. Mkutano wa kwanza wa Wamennonite wa dunia ulifanyika Basel mwaka 1925, na waliohudhuria walikuwa hasa watu wa Ulaya. Sasa Wamennonite na makanisa yenye asili moja nao duniani wana waumini waliobatizwa zaidi ya milioni 2 katika nchi zaidi ya 80, na wengi wao wako Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Bado, maombi mengi ya umisheni yanaandikwa kana kwamba wenye imani wako upande mmoja na wahitaji upande mwingine.

Kuna atakayeniuliza: basi tusiwaombee ulinzi? Tuwaombee. Nami nawaombea. Lakini naikumbuka Somalia. Wamennonite walianza kazi huko mwaka 1953, wakiwa na shule na huduma za afya katika nchi ya Waislamu. Julai 1962 mmisionari Mkanada, Merlin Grove, aliuawa kwa kisu Mogadishu alipokuwa akiandikisha wanafunzi, na mkewe Dorothy akajeruhiwa vibaya. Wenzake waliobaki wangekuwa na kila sababu ya kuondoka. Hawakuondoka. Mwaka uliofuata serikali ikaamuru Uislamu ufundishwe katika shule zote, zikiwemo za misheni. Fikiria uzito wake: shule iliyojengwa kwa sadaka za Wakristo, ambayo mmoja wao ameifia, sasa iwe na mwalimu wa Kurani ndani yake. Waliliombea jambo hilo, wakabishana, wakakubali. Wakristo wengine waliwashangaa.

Mimi nadhani walifanya sawa. Walikuwa wamekwenda kama wageni, na kwa kukubali waliendelea kuishi kama wageni, bila kudai kuwa wenye nyumba. Kazi ile ilidumu hadi walipofukuzwa nchini mwaka 1976. Tukiipima kwa hesabu ya waliobatizwa, ni ndogo sana. Sala iliyowafikisha kwenye uamuzi ule haikuwaondolea hatari wala haikuwapa ushindi. Iliwawezesha kukaa na watu ambao mmoja wao alikuwa amemuua ndugu yao, wakaendelea kuwafundisha watoto wa watu hao kusoma.

Katika kikundi chetu nimeomba tuandike mstari mpya juu kabisa ya orodha, kabla ya vibali na fedha: Bwana, uwabadilishe uliowatuma, nasi tuliowatuma. Mama mmoja mzee akauliza kama tunaweza pia kuwaandikia wenyeji wa kule na kuwauliza wao wanatuombea nini. Barua tunaiandaa wiki hii.